Hodi ya Fomu

Karani wa manispaa alinisukumia karatasi dirishani,
akasema bila kuinua kichwa:
"Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi.
Jirani wa kila upande aweke sahihi.
Ramani yako nitaipokea siku hiyo, si kabla."
Nikatoka na pande nne za dunia kwapani,
jua la Kasese likinichoma utosi.

Kusini hapakunisumbua. Baluku wa mashine ya unga
alitia sahihi bila kusoma, akaacha alama ya dole jeupe.
Alichouliza ni kama wapangaji wangu watakula ugali.
Watakula, nikamwambia.
"Basi jenga. Hata ghorofa kumi, jenga."

Kaskazini pana kufuli tangu mwaka juzi.
Mwenyewe, Muhindo, yuko Juba, anauza vipuri.
Simu ilikatika mara tatu, kila nikifika kwenye neno "mpaka".
Mara ya nne akauliza kama mtu aliyekabwa koo:
"Mmeng'oa jiwe langu la pembeni?"
Hatujang'oa kitu, Muhindo. Nakuarifu tu.
"Kumbe unaniarifu!" Akacheka, akacheka,
kama mtu aliyerudishiwa pochi na pesa zimo.

Magharibi ni kwa Ithungu.

Miaka saba hatusalimiani,
tangu maji ya paa langu yaingie jikoni kwake
yakaondoka na muhogo aliouvundika,
nami nikasimama mlangoni, nikasema:
"Mvua si yangu."
Nilipiga hodi. Mkono ulikuwa mzito kuliko mlango.

Alikuwa anatwanga sombe. Hakunipa kiti.
Nikaisoma fomu yote, hadi namba ya kiwanja,
vyumba vitano, ukuta wa mita sita,
mchi ukinijibu kila mstari.
Kisha mchi ukanyamaza.
"Umekuja kuniuliza," akasema, "au kunijulisha?"

Niliitazama karatasi.
Nafasi ya jina ilikuwepo, ya sahihi, ya tarehe.
Nafasi ya "hapana" hawakuichora.

Nikaigeuza, nyuma ilikuwa tupu.
"Sema. Nitaandika."

Akasema:
kwamba jua la asubuhi lina dirisha moja tu kwake,
na hapo ndipo humkalisha Thembo,
ubavu wake uliopooza upate joto kabla ya chai.
Kwamba bafu lake ni la mabati, halina paa,
na macho ya wapangaji hayana adabu.
Kwamba mvua ikishagusa bati
ina mwenyewe.

Hilo la mwisho kalamu iligoma. Nikalilamba wino, nikaliandika.
Akaweka sahihi upande ule wa nyuma, si wa mbele,
dole lake likaacha ukijani wa sombe.
Nilipofika uani akaniita. Nilidhani kabadili nia.
"Kalamu yako," akasema.

Mashariki ni mto Nyamwamba.
Karani alishaniambia: andika "mto", mto hauna sahihi.
Najua. Usiku ule ulipokuja haukupiga hodi,
ulichukua choo, mbuzi wawili, cherehani ya marehemu mama,
ukaniachia sebuleni jiwe kubwa kama ndama.
Nilisimama ukingoni na fomu mkononi,
nikaona haya kuusomea, watoto walikuwa wanaoga.
Nikahesabu hatua ishirini kurudi nyuma,
nikapigilia kigingi hapo.
Hiyo ndiyo barua yangu kwake. Ausomee nani mwingine.

Vyumba sasa ni vitatu. Fundi amenuna.

Karani aligeuza karatasi, akakunja uso:
"Na huku nyuma, haya ni nini?"
Ni majirani, nikamwambia.
Aliinua muhuri, akautafutia mahali,
mbele, kisha nyuma, kisha mbele,
na foleni yote ikasogea kuchungulia.